Humo Ndani Mna Nini? Kiswahili na Mjadala wa Usalama wa Viambato vya Chanjo



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu wa hadhara katika taaluma za Kiswahili, na nashukuru zaidi kwamba unatolewa hapa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru. Jina la mahali hapa linanifaa. Figa, ambalo ndugu zetu wa mwambao huliita jifya, ni jiwe la jikoni, na kila aliyewahi kupika kwa kuni anafahamu kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Wanasiasa wetu walikwisha kulitumia neno hili katika kampeni, wakituomba kura za diwani, mbunge na rais kwa pamoja. Mimi naliazima kwa kazi nyingine, nitakayoieleza baadaye.

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenda kupata chanjo ya surua katika kliniki moja ya mama na mtoto mjini hapa. Mbele yetu alikuwapo mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Ilipofika zamu yake alimwambia muuguzi, kwa adabu kabisa, “Samahani sista, humo ndani mna nini?” Muuguzi akamjibu, “Ni salama mama, usiogope.” Yule mama akasema, “Sijasema naogopa, sista. Nimeuliza mna nini.” Benchi zima likacheka, muuguzi naye akacheka, mtoto akachanjwa, foleni ikaendelea.

Sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo la kisarufi. Mama yule aliuliza swali lenye kiambishi cha mahali pa ndani, ule mu- wetu wa mnamo, humo na mle. Alitaka kujua yaliyomo. Alijibiwa kwa kivumishi. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi, katika mijadala yote ya chanjo iliyotupitia, swali la yaliyomo limejibiwa kwa kivumishi. Na ni nani hujaza nafasi ile iliyoachwa wazi.

Kabla sijaendelea, niseme msimamo wangu ili asiwepo wa kunidhania. Mimi si tabibu. Ninayaamini matokeo ya sayansi ya chanjo, nina kovu la ndui mkononi tangu utotoni, na mwaka 2021 nilichanjwa. Ninachokijadili leo ni lugha tuliyotumia kulizungumza jambo hili, ambayo kwa maoni yangu imekuwa fupi kuliko akili ya watu wanaoizungumza.

Chanjo, chale na dawa

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi chanja ni chetu, na ni cha zamani kuliko hospitali. Tunachanja kuni. Mganga humchanja mgonjwa chale na kusugua dawa penye mikato. Watu wasiozaliwa pamoja waliwahi kuchanjana ili wawe ndugu wa damu. Ilipokuja kinga ya ndui ya kizungu, ambayo kwa kweli ilitolewa kwa kukwaruza ngozi, Kiswahili hakikuhitaji kuazima neno. Kiliona kitendo kinachofanana na kile kinachokijua, kikakipa jina. Marehemu mama yangu aliliita kovu langu la ndui “chale ya Serikali”, na hakuwa anatania.

Uamuzi huo wa lugha ulikuwa mzuri, lakini ulikuja na mzigo wake. Anayechanjwa chale huona kinachopakwa: unga mweusi wa mizizi iliyochomwa, mara nyingine mizizi iliyochimbwa na ndugu yake mwenyewe kwa maelekezo ya mganga. Sisemi kwamba waganga walitoa siri zao zote, la hasha. Nasema kwamba katika chale, kitu kinachoingia mwilini kilikuwa na umbo, rangi, harufu na mtu aliyekileta. Chanjo ya leo ni maji meupe ndani ya kichupa chenye maandishi ya kigeni. Neno limebaki lile lile, ila vyote vilivyolizunguka vimeondoka.

Aidha, chanjo huitwa dawa, na dawa ni neno pana mno. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya mapenzi. Anayefasiri dawa kuwa ni kitu kinachoponya amesahau panya. Kwa mazungumzo ya kawaida, dawa ni kitu chenye nguvu ya kukigeuza kitu kingine, kwa heri au kwa shari, kutegemea aliyeiandaa na anayeandaliwa. Kwa hiyo Mswahili akiuliza kuhusu dawa “mna nini, nani kaitengeneza, na kwa ajili ya nani”, haonyeshi ujinga. Anatumia maana kamili ya neno alilorithi.

Mumiani

Wapo wanaodhani kwamba shaka juu ya viambato vya dawa imeletwa na simu za mkononi. Naomba tufungue kamusi. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, analieleza neno mumiani kuwa ni kitu cheusi kama utomvu, kinachotumiwa kuwa dawa na kusemekana kutoka Uajemi. Kisha anaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyokaushwa. Ndani ya kidahizo kimoja mna mjadala mzima wa viambato: muuzaji anasema hivi, mnunuzi anaamini vile.

Asili ya neno inastaajabisha zaidi. Ni neno la Kiajemi lenye uhusiano na nta, likitaja lami ya mlimani iliyotumiwa kuunga mifupa. Liliingia katika Kiarabu, likahusishwa na lami waliyodhaniwa kupakwa maiti wa Misri ya kale, likafika Ulaya. Huko, wauza dawa waliuza unga wa maiti hao kuwa tiba ya binadamu hadi karne ya 18. Yaani palikuwapo kweli, katika maduka ya miji mikubwa ya Ulaya, dawa iliyotengenezwa kwa miili ya watu. Babu zetu walipoambiana kwamba Wazungu wana dawa ya damu ya watu, walikosea kuhusu mahali na wakati, lakini hawakuwa wamebuni jambo lisilowahi kuwa duniani.

Neno hili lina historia katika milima hii tunayoiona kutoka dirishani. Mwanaanthropolojia Peter Pels, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluguru, aliandika makala kuhusu mumiani mwaka 1992, na Luise White alilichunguza suala hilo hilo kwa Afrika Mashariki na Kati katika kitabu chake cha mwaka 2000. Wote wawili wanatufundisha kutoupuuza uvumi. Watu hutumia uvumi kuzungumzia uhusiano usio sawa, hasa pale ambapo mwenye nguvu anauchukua au kuugusa mwili wa asiye na nguvu bila maelezo. Waluguru wanajua pia historia nyingine ya manufaa yaliyokuja kwa amri: mwaka 1955 walifanya ghasia dhidi ya mpango wa kikoloni wa kuwalazimisha kulima kwa matuta ya ngazi milimani. Matuta yalikuwa na sababu zake za kitaalamu. Sababu hizo zilifika kwa watu zikiwa amri.

Morogoro, mwaka 2008

Jambo lililo karibu zaidi na sisi halikuhusu chanjo bali vidonge, lakini naona ni somo lile lile. Mwaka 2008 katika shule za msingi za mkoa huu ziligawiwa dawa za kichocho na minyoo. Ukazuka uvumi kwamba watoto wamekufa. Wazazi walikimbilia shuleni, pakatokea ghasia, walimu wakatishwa, na ugawaji ukasitishwa. Mtafiti Julie Hastings alilichunguza tukio hili na kuliandikia makala iliyotoka mwaka 2016.

Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni dawa inayojulikana vizuri. Inajulikana pia kwamba mtoto akiimeza bila kula anaweza kupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, na kwamba mwenye minyoo wengi hupata taabu hizo zaidi. Hayo huandikwa katika miongozo. Basi mfikirie mzazi ambaye hakuambiwa. Mtoto ameondoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, hajanywa hata uji, amerudi anatapika, amesema amepewa dawa na mwalimu. Katika lugha ya kila siku kuna neno moja tu kwa kitu kinachomtapisha mtu mzima wa afya mara baada ya kukimeza, nalo ni sumu. Mzazi hakulichagua neno hilo kwa ubaya. Lilikuwa ndilo pekee alilokuwa nalo mkononi, kwa sababu neno la pili hakupelekewa.

Salama na maudhi

Neno hilo la pili ni lipi? Hapa nataka kukaa kidogo.

Katika Kiswahili cha idara za afya, madhara madogo ya dawa huitwa “maudhi madogo madogo”. Msemo huu ulizoeleka katika uzazi wa mpango, na mwaka 2021 ukahamia kwenye chanjo ya UVIKO-19. Nimejaribu mara nyingi kumpenda aliyeubuni, na sijafaulu. Kuudhi ni kitendo cha mtu. Jirani mwenye redio ya sauti kubwa huniudhi. Homa ya siku mbili hainiudhi, inaniumiza. Tena neno limerudiwa, madogo madogo, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe kitu kichungu. Msikilizaji mwenye akili husikia ule ubembelezaji kabla hajasikia habari yenyewe, na hujiuliza kwa nini anabembelezwa.

Chanjo iliyoanza kutumika nchini ilikuwa ya Janssen, dozi 1,058,400 zilizopokelewa Julai 2021. Sasa inajulikana kwamba chanjo hiyo, kwa nadra sana, ilisababisha damu kuganda kwa namna ya hatari. Mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipoizuia kwa watu wengi Mei 2022, ilitaja wagonjwa 60 waliothibitishwa, tisa kati yao wakiwa wamefariki. Ni kama watatu kwa kila dozi milioni moja. Je, hayo ni maudhi? Bila shaka si maudhi. Ni madhara, ni mabaya, na ni ya nadra mno ukilinganisha na vifo vilivyoletwa na ugonjwa wenyewe. Kiswahili kinaweza kusema sentensi hiyo nzima bila kuazima neno hata moja. Nimeisema sasa hivi. Lakini lugha rasmi ilikuwa na vyumba viwili tu, salama na maudhi, na chumba cha tatu chenye jina “madhara ya nadra” kiliachwa kwa wahubiri na wapiga domo.

Salama nalo lina matata yake. Nomino yake, usalama, tunaitumia kwa afya ya mwili, kwa amani ya barabarani na kwa idara za dola. “Chanjo imethibitishwa usalama wake” ni sentensi inayotoka katika kinywa cha Serikali, na huaminiwa kwa kadiri Serikali inavyoaminiwa siku hiyo. Tukumbuke jinsi siku hizo zilivyofuatana. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema kwamba chanjo hazifai, akahoji kwa nini wenye kuzitengeneza hawajaleta ya UKIMWI wala ya kansa. Alifariki Machi mwaka huo. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na kuzindua kampeni. Mwezi uliofuata Bunge lilimwadhibu Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe aliyeipinga chanjo, kwa kumzuia kuhudhuria mikutano miwili, huku Waziri wa Afya aliyekuwa akiitetea naye akiitwa Gwajima. Katika miezi saba kivumishi kiligeuka mara moja kikiwa na nguvu ile ile ya dola, na adhabu ikatolewa. Orodha ya yaliyomo haikusomwa kwa sauti.

Nayo orodha ilikuwa fupi. Ndani ya kichupa cha Janssen mlikuwa na virusi vya mafua vilivyorekebishwa visiweze kuongezeka mwilini; asidi ya sitriki, ile ya ndimu, pamoja na chumvi yake; chumvi ya mezani; kilevi cha ethanoli, takriban miligramu mbili; namna ya sukari iliyoshikana kwa mduara; polisobati, ambayo hutumika pia katika vyakula; na maji. Zebaki haikuwamo. Ingechukua dakika moja ya taarifa ya habari. Badala yake tulipewa kaulimbiu iliyoenea kwa mlingano wake wa sauti, kwamba ujanja ni kuchanja. Kwa sikio ni nzuri. Kwa maana, aliyeitunga alichukua jambo ambalo watu walilishuku kuwa lina ujanja ndani yake, akaliita ujanja.

Nikiri hata hivyo kwamba kampeni ile ilizaa jambo la kumfurahisha mwanaisimu. Watu waliacha kusema “nimechanjwa”, wakasema “nimechanja”. Walimu wa sarufi walilalamika, nami niliulizwa na wanafunzi kama ni kosa. Si kosa. Anayetoka kwa kinyozi husema “nimenyoa”, na dada aliyetoka saluni husema “nimesuka”, ingawa mikono iliyofanya kazi si yao. Kiswahili humpa mtu utendi pale anapojipeleka mwenyewe kwa hiari. Mtoto wa kliniki bado huchanjwa. Mtu mzima aliyeamua, alichanja.

Zebaki na kiasi chake

Sasa nije kwenye mafiga yangu. Ili mtu aelewe kiambato chochote anahitaji vitu vitatu: jina lake, kazi yake na kiasi chake. Wapinzani wa chanjo humpa jina peke yake. Watetezi aghalabu hawampi hata hilo.

Chukueni zebaki, neno lililotujia kutoka Kiarabu. Kwa Mtanzania zebaki si neno la maabara. Ni ile maji ya fedha wanayoitumia wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya kukamatia dhahabu, na ambayo tunawaambia kila mwaka kwamba inaharibu mishipa ya fahamu. Anapoambiwa kwamba kuna chanjo zenye zebaki, anaiona ile ile ikitetemeka kwenye karai. Na ni kweli kwamba zipo chanjo za vichupa vya dozi nyingi zinazohifadhiwa kwa thiomersali, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kukanusha jambo hilo ni kusema uongo, na uongo huo hugunduliwa jioni ile ile.

Kazi yake je? Mwaka 1928 katika mji wa Bundaberg, Australia, watoto 21 walichomwa chanjo ya dondakoo kutoka chupa moja isiyokuwa na kihifadhi. Sindano iliingia na kutoka mara nyingi, bakteria wakaingia nayo wakazaana. Watoto 12 walikufa. Kihifadhi kimewekwa ili jambo hilo lisitokee katika zahanati ambayo kichupa kimoja hutumiwa kwa watoto kumi. Kisa hiki mama yeyote wa Mafiga angekielewa, maana anajua kinachotokea kwenye chungu cha maziwa kinachochotwa kwa kikombe kichafu.

Na kiasi? Katika dozi moja ya namna hiyo mna zebaki takriban mikrogramu 25. Chukua gramu moja ya chumvi, ambayo haijai robo ya kijiko cha chai. Igawe mafungu milioni moja. Toa mafungu 25. Tena si zebaki ya karai. Ni ya ethili, ambayo mwili huiondoa mapema kuliko ile ya methili inayolimbikizana katika samaki wakubwa. Tofauti ya ethili na methili ni ya silabi moja tu, lakini nchi yenye gongo haihitaji kufundishwa uzito wa silabi hiyo: ethanoli hulevya, methanoli hupofusha na kuua.

Marekani iliomba thiomersali iondolewe katika chanjo za watoto mwaka 1999 kwa tahadhari, bila ushahidi wa madhara, na usonji uliokuwa ukihusishwa nayo haukupungua baada ya kuondolewa. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaodhibiti zebaki duniani, ulijadili suala hili na kuziacha chanjo hizo nje ya marufuku, kwa hoja kwamba nchi maskini zingepoteza kinga. Juni 2025 kamati ya ushauri wa chanjo ya Marekani, yenye wajumbe wapya, ilipiga kura dhidi ya chanjo za mafua zenye kihifadhi hicho. Habari hiyo hufika hapa kwetu kwa sentensi moja: “Marekani wameikataa.” Tutaijibu kwa kivumishi?

Ina, imetokana, imepitia

Nchini Kenya mwaka 2014 Maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa homoni ya ujauzito ili kuwafanya wasizae. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ubishi ulifika mahali pa kiufundi: je, kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo kinaweza kuaminika juu ya kimiminika cha chanjo? Wanasayansi wa upande wa chanjo walisema hakiwezi. Lakini kwa Kiswahili kipimo ni chombo, ni kitendo cha kupima, ni jibu linalotoka, na ni kiasi pia. “Kipimo kimeonyesha ina homoni” ilisikika kana kwamba mambo yote manne yamethibitishwa kwa pamoja. Na jina la ugonjwa halikusaidia. Katika pepopunda mna pepo na mna punda. Kidonda kichafu na kitovu cha mtoto mchanga, ambavyo ndivyo njia yake, havimo. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga, na sidhani kama watu kumi katika ukumbi huu waliwahi kuisikia habari hiyo.

Lugha yetu inaweza kuwa makini kuliko hivyo. Tazameni vitenzi vitatu. Chanjo ina kitu fulani. Chanjo imetokana na kitu fulani. Chanjo imepitia kitu fulani. Virusi vya rubela vya chanjo huoteshwa juu ya seli zilizozalishwa kutoka mstari ulioanzishwa miaka ya 1960 kwa kijusi kilichotolewa. Kijusi hakimo ndani ya kichupa. Anayesema “ina” amekosea. Anayesema “haihusiani kabisa” naye amekosea. Vatikani ililijadili jambo hili mwaka 2005, na Desemba 2020 ikaruhusu waumini kutumia chanjo za namna hiyo pale ambapo hakuna nyingine. Ruhusa hiyo ilisimama juu ya tofauti ya “ina” na “imetokana na”.

Mwambao wetu una istilahi yake ya zamani kwa tatizo hili, nayo ni istihala, yaani kitu kubadilika dhati hata kikawa kitu kingine. Mfano wa madrasa ni divai inayogeuka siki: ya kwanza haramu, ya pili halali. Mwaka 1995 wanazuoni na matabibu waliokutana Kuwait waliitumia hoja hiyo kwa jelatini ya nguruwe. Huko Indonesia, mwaka 2018, baraza la wanazuoni lilichukua njia nyingine kuhusu chanjo ya surua na rubela: lilisema ina asili ya nguruwe na ni haramu, kisha likairuhusu kwa dharura. Sina nia ya kuamua nani yu sahihi. Naonyesha kwamba Kiswahili cha Pemba na Lamu kina neno la kujadili viambato kwa undani kuliko Kiswahili cha mabango yetu, na hakuna aliyeliomba lije kazini.

Neno moja zaidi, ambalo ni kosa letu sisi wanaistilahi. Kile ambacho wanasayansi hufupisha kuwa DNA tulikiita vinasaba. Tulijipongeza, kwa kuwa tulichukua nasaba, neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu, tukalipa umbo la ki- na vi-. Lakini nasaba ni ukoo. Iliposemwa mitaani kwamba chanjo ya UVIKO-19 itabadilisha vinasaba, Mluguru, ambaye ukoo wake hupita kwa mama na hubeba haki ya shamba, alisikia kwamba mwanawe atatolewa katika ukoo. Aliyemjibu kwamba virusi vya chanjo “vimenyimwa uwezo wa kuzaliana” alidhani anamtuliza. Istilahi zote mbili ni sahihi, na zilipokutana katika sikio moja zilisema watoto wetu watakuwa wageni na tasa. Tulipozitunga, katika kamati nilizokaa mimi mwenyewe, tulipima mofolojia, tukapima upatanisho wa kisarufi. Tulibishana kwa saa nzima kama umoja wa virusi uwe kirusi, hali kirusi ni lugha ya Moscow. Hatukwenda sokoni kumuuliza mtu yeyote anasikia nini.

Kwa ajili ya mhadhara huu nimejaribu kuiandika upya karatasi ya maelezo ya chanjo moja ya watoto, ile ya magonjwa matano iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009. Nimefika mwisho isipokuwa neno moja. Ndani yake mna chumvi ya alumini, chini ya miligramu moja, ambayo kazi yake ni kuuamsha mwili uitikie kwa nguvu zaidi. Wataalamu wameitumia tangu miaka ya 1920. Kichocheo hakifai, kwa kuwa tumekwisha kukitumia katika kemia, na katika mkoa huu kinakaa karibu mno na kichocho. Kichapuzi kinanukia kamati. Nilipomweleza mama mmoja muuza maandazi hapo nje kazi ya kitu hicho, bila kumtajia jina, alisema, “Kumbe ni chachu, mwalimu.” Nimeiandika chachu, kwa kalamu ya risasi. Ninachohofia ni kwamba chachu huumua unga, na mzazi anaweza kufikiri mkono wa mtoto utavimba. Ingawa, kwa kweli, mara nyingine huvimba kidogo. Mwenyekiti ameniambia tuna nusu saa ya majadiliano. Karatasi ninayo hapa, na ningependa kuanza na neno hilo.